Rivolva na Bastola ya Magazini: Ipi Imfaayo Nani?

Kila ifikapo Oktoba, wakati korosho za Naliendele, Nanyamba na Tandahimba zinapookotwa chini ya mikorosho na milango ya maghala ya vyama vya ushirika inapofunguliwa, hurejea vinywani mwa wafanyabiashara wa mkoa wa Mtwara swali lililo kongwe kuliko wengi wao: mtu aliyeruhusiwa na serikali kumiliki silaha ndogo kwa kulinda nafsi yake na mali yake anunue ipi, rivolva yenye silinda nene inayozunguka, au bastola ya magazini, ile bapa ambayo risasi zake hukaa ndani ya kitako? Aghalabu jibu hutolewa kwa majina ya viwanda, huyu akiisifu Browning, yule akiiapia Glock, na wa tatu akiisimulia rivolva ya marehemu babu yake ambayo haikupata kumwaibisha. Na majibu ya namna hiyo hayamfai muulizaji hata kidogo, kwa sababu ubora wa silaha hutegemea mkono utakaoishika, mahali itakapolazwa, na hali ya nafsi ya mwenyewe saa ile ambayo fadhaa imemshika na mate yamemkauka kinywani. Kwa kipimo hicho ndipo ninapokusudia kuzilinganisha hapa.

Watu wa pwani ya kusini si wageni wa baruti. Kabla Wajerumani hawajatia nanga, bunduki za gumegume na za fataki zilikwisha kuingia barani kwa njia za misafara iliyotoka Kilwa, Lindi na Mikindani, na gobore la kushindiliwa kwa mdomo wa mtutu lingali likitumika hata leo kuwafukuza nguruwe katika mashamba. Vita Kuu ya Kwanza ikaleta silaha za kila namna katika bonde la Ruvuma: mwaka 1916 Wareno waliitwaa Kionga, kusini ya mlango wa mto, kisha wakavuka na kupanda hadi Newala kabla ya kurudishwa walikotoka, na tarehe 25 Novemba 1917 Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, aliuvuka mto huo huo kwenda kusini na kuwashinda Wareno huko Ngomano. Zama hizo ndizo zilizozikutanisha namna mbili za bastola tunazozijadili, kwani Waingereza walikuwa na Webley, rivolva ya risasi sita iliyofunguka kwa kukunjwa katikati na kuyatoa maganda yote kwa mkupuo mmoja, ambayo toleo lake la sita lilikubaliwa na jeshi mwaka 1915; ilhali Ujerumani ilikwisha kuichagua Parabellum ya magazini, jeshi la majini mwaka 1904 na jeshi la nchi kavu mwaka 1908. Rivolva ikaendelea kuning'inia viunoni mwa maofisa wa Kiingereza miaka yote ya Tanganyika chini ya utawala wao, na zilipokuja harakati za ukombozi wa kusini mwa Afrika, Tokarev na Makarov za Kirusi, ambazo zote mbili ni za magazini, zikashika nafasi yake. Naliendele yenyewe ina makaburi ya mashujaa, walimolazwa askari wa Tanzania waliofariki katika vita vya Msumbiji, na kwa hiyo hapa ni mahali ambapo habari za silaha hustahili kuzungumzwa kwa utulivu na kwa heshima.

Rivolva ndiyo iliyotangulia kuzaliwa. Samuel Colt wa Marekani alipata hati ya uvumbuzi wake Uingereza mwaka 1835 na katika nchi yake mwaka 1836, na ijapokuwa risasi za siku zile zilishindiliwa kwa mkono na za leo zimefungwa pamoja na baruti na fataki ndani ya ganda la shaba, wazo la asili halikubadilika: silinda ya chuma, iliyotobolewa matundu sita au matano mfano wa kipande cha sega la nyuki, huzunguka hatua moja kila mara ili tundu lenye risasi lilingane na mtutu. Katika rivolva nyingi za sasa kidole peke yake hufanya kazi yote, kwani kwa kuvuta kifyatulio mpigaji huizungusha silinda, huinyanyua nyundo na huiangusha. Na kwa kuwa kidole hubeba mzigo huo wote, mvuto wake ni mrefu na mzito, aghalabu karibu kilo tano. Akipenda aweza kwanza kuinyanyua nyundo kwa dole gumba, na hapo kifyatulio huwa chepesi, takriban kilo mbili au pungufu, na shabaha huwa nzuri zaidi. Ndiyo maana mtu alengaye polepole uwanjani hupenda kufanya hivyo. Uzito huo wa kwanza ni neema na ni taabu pia. Ni neema kwa kuwa si rahisi risasi kutoka kwa kidole kilichogusa bila kukusudia, na ni taabu kwa kuwa mkono dhaifu hutetemeka katika kuvuta, mtutu ukainama, na risasi ikaenda chini ya palipokusudiwa.

Bastola ya magazini ilitokea pale mafundi walipogundua kwamba nguvu ile inayousukuma mkono nyuma risasi inapotoka yaweza kufanyishwa kazi badala ya kupotea. Hugo Borchardt alitengeneza yake Ujerumani mwaka 1893, Mauser wakafuata mwaka 1896, kisha Georg Luger akaisahihisha kazi ya Borchardt ikawa Parabellum tuliyokwisha kuitaja. Lakini aliyeweka msingi ambao karibu bastola zote za leo zimesimama juu yake ni John Moses Browning, Mmarekani aliyefanya kazi na kiwanda cha FN cha Ubelgiji, ambaye bastola yake ya Colt ilikubaliwa na jeshi la Marekani mwaka 1911, na ambaye, baada ya kufariki Ubelgiji mwaka 1926, kazi yake ya mwisho ilikamilishwa na Dieudonné Saive na kutoka mwaka 1935 ikiwa na magazini ya risasi kumi na tatu. Makarov ya mwaka 1951 huchukua nane. Glock, iliyopokewa na jeshi la Austria mwaka 1982 ikiwa na kiunzi cha plastiki ngumu kilichowashangaza wengi, huchukua kumi na saba.

Utendaji wake ni huu. Magazini hutiwa ndani ya kitako, kisha slaidi, yaani lile bamba la chuma la juu linaloteleza mbele na nyuma, huvutwa hadi mwisho na kuachiliwa, na katika kurudi kwake mbele huikokota risasi moja kutoka katika magazini na kuisukumia ndani ya chemba, kwenye shina la mtutu; hiyo ndiyo kazi ambayo watu wetu huiita kukoki. Risasi inapopigwa, slaidi hurushwa nyuma, hulitupa ganda tupu nje, hurudi mbele kwa nguvu za springi, na kuingiza nyingine, hivyo mpigaji hana analofanya ila kukiachia kifyatulio na kukivuta tena, risasi moja kwa kila mvuto. Kifyatulio chake ni chepesi, umbo lake ni bapa na hufichika vizuri chini ya shati, risasi zake ni nyingi, na magazini ikiisha nyingine huingizwa kwa sekunde chache, ilhali mwenye rivolva analazimika kuifungua silinda, kuyatoa maganda, na kuyajaza matundu yake kwa vidole, kazi isiyo nyepesi gizani wala kwa mtu anayetetemeka.

Kwa maneno hayo msomaji aweza kudhani hukumu imekwisha kutolewa, na kwa askari aliyefunzwa ni kweli imekwisha kutolewa, maana majeshi na polisi wa nchi nyingi wameiacha rivolva. Lakini raia si askari. Askari hupiga shabaha chini ya macho ya mkufunzi, hufungua na kufunga silaha yake mpaka vidole vyake vinaifahamu pasipo taa, na makosa yake huonekana na kukaripiwa siku hiyo hiyo. Raia hununua bastola, akapiga risasi chache mbele ya mjuzi, kisha akaifungia kabatini mwaka mzima, naye huitoa siku ambayo mbwa wanabweka usiku wa manane na mlango unasukumwa. Mtu huyo ndiye ninayemwandikia.

Kwake yeye hatari iliyo kubwa kuliko zote katika bastola ya magazini ni ile risasi moja isiyoonekana. Mtu huichomoa magazini, huiona mkononi mwake imejaa risasi, na akili yake humwambia kwamba silaha sasa ni tupu, ilhali iliyokwisha kuingizwa katika chemba ingali palepale, haikuguswa wala haikutoka, na bastola nyingi hukubali kuipiga hata kama magazini haimo. Ajali za namna hii zimeua watu katika nchi zote zenye bastola, watu waliokuwa wakisafisha silaha zao sebuleni, waliokuwa wakimwonyesha rafiki, waliokuwa wakiipokea kwa mtu aliyesema kwa moyo safi kwamba haina kitu. Rivolva haina siri hiyo: silinda hufunguliwa kando, matundu yote sita hukaa mbele ya macho kwa pamoja, na hata mtu asiyejua lolote la silaha hutambua kwa kutazama mara moja kama imejazwa au ni tupu. Mimi huihesabu sifa hii kuwa bora kuliko risasi kumi za ziada, na sijaona hoja iliyoishinda.

Ziko pia hitilafu za wakati wa kupiga. Fataki ya risasi ikikataa kuwaka katika rivolva, mwenye silaha huvuta tena, silinda ikazunguka, na risasi nyingine ikasimama mahali pake. Katika bastola ya magazini yampasa kuvuta slaidi ili iliyokataa itupwe nje na nyingine iingie, tendo ambalo aliyelizoea hulifanya kwa kufumba na kufumbua, lakini asiyelizoea huduwaa akiitazama silaha yake. Ganda tupu laweza kubanwa na slaidi kabla halijatoka, na hili hutokea zaidi ikiwa kifundo cha mkono kimelegea, kwa kuwa slaidi huhitaji mkono imara wa kuegemea ili irudi nyuma kwa ukamilifu. Kwa hiyo mzee, mgonjwa, au mtu aliyejeruhiwa mkono, ambaye pengine ndiye mwenye haja kubwa ya ulinzi, aweza kuikwamisha bastola ambayo kwa kijana mwenye misuli haikwami. Mtu huyo huyo aweza kushindwa hata kuikoki, kwa ugumu wa springi. Insafu hunilazimisha kuongeza kwamba rivolva nayo hukwama, ijapokuwa kwa nadra: mchanga ukiingia chini ya kile kinyota kitoacho maganda, silinda haifungiki, na ikikwama kwa namna hiyo mara nyingi huhitaji fundi na vyombo vyake, wala haiponywi kwa kuvutwa. Kadhalika hewa ya moto hutoka ubavuni, katika upenyo ulio baina ya silinda na mtutu, na anayeuweka mkono wake karibu na hapo huungua.

Sasa tuje kwenye ardhi na hewa yetu, jambo ambalo vitabu vya ng'ambo havilizungumzi. Kutoka Naliendele hadi Mtwara mjini ni safari fupi, na upepo wa bahari, kusi kwa miezi yake na kaskazi kwa miezi yake, huja na chumvi inayokula mabati, baiskeli na bawaba za milango; seuze silaha ya chuma cheusi inayofungwa kiunoni juu ya ngozi yenye jasho. Ala ya ngozi ambayo watu huipenda kwa uzuri wake hunyonya unyevu huo na kuushikilia, na risasi zilizoachwa ndani yake muda mrefu hushika kutu ya kijani katika maganda, kisha zikagoma kuingia au kutoka. Juu ya hayo iko salfa. Kila mkulima wa hapa anaufahamu ubwiri unga, ugonjwa wa mikorosho ambao kituo cha utafiti cha Naliendele kimeushughulikia kwa miaka mingi, na anafahamu vumbi la salfa linalopulizwa mashambani kuukinga. Vumbi hilo huitia shaba weusi, na likikutana na unyevu halikiachi chuma salama. Mwenye kwenda na bastola shambani katika miezi ya kupulizia, kisha akaitundika bila kuifuta, anaiharibu pasipo kujua. Ipi hustahimili zaidi taabu hii? Bastola mpya zenye kiunzi cha plastiki na rangi ngumu juu ya chuma hushinda rivolva za kale kwa mbali, na rivolva ya chuma kisichoshika kutu huweza kusimama nazo. Lakini ikiwa mwenyewe ni mvivu wa kufuta na kupaka mafuta, bastola ya magazini huumia mapema, kwa kuwa viungo vyake husuguana kila risasi inapopigwa, na risasi iliyoanza kuota kutu, ambayo katika silinda ingepigwa, katika chemba hukwama.

Idadi ya risasi, ambayo wanunuzi huiulizia kwanza, mimi naiweka mwisho. Raia anayelinda nyumba yake, akifikia hatua ya kupiga, aghalabu hupiga kwa umbali wa upana wa chumba na kwa muda wa sekunde chache, na mtu ambaye hakumpata adui kwa risasi sita hana sababu ya kutumaini kwamba ya kumi na nne itafuata njia nyingine. Tena kila risasi iliyokosa huendelea na safari yake, na kuta za udongo na fito za vijiji vyetu haziwezi kuizuia isimfikie jirani aliyelala.

Wala pasiwe na mtu anayedhani kwamba bastola yoyote kati ya hizi ni kinga dhidi ya vita. Oktoba 2020 wavamizi waliotoka ng'ambo ya Ruvuma walikishambulia kijiji cha Kitaya wakiwa na silaha za kijeshi, na mbele ya bunduki za namna hiyo rivolva na bastola ya magazini ni sawa kwa unyonge wao. Mpaka hulindwa na majeshi ya nchi.

Hata katika biashara ya korosho, jambo lililopunguza hatari barabarani halikuwa bastola. Zamani mnunuzi alibeba fedha taslimu katika mikoba na kuzunguka nazo vijijini, na kila mtu alijua anachokibeba. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kutumika kwa korosho katika msimu wa 2007/2008, chini ya sheria ya mwaka 2005, korosho hupelekwa ghalani, huuzwa mnadani kupitia vyama kama MAMCU na TANECU, na malipo hupitia benki. Mfumo huo una malalamiko yake, hasa ya malipo kuchelewa, na sina nia ya kuyafunika; lakini umeziondoa fedha nyingi porini, na anayebaki akitembea na mabunda ya noti usiku ni yule wa kangomba, yaani mnunuzi wa magendo, ambaye biashara yake yenyewe ni haramu na hawezi kuiombea kibali cha silaha.

Kibali hicho si jambo la kupuuzwa. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991, inamtaka mwombaji achunguzwe mwenendo wake na athibitishe kwamba anaweza kuimiliki silaha, na ombi lake hupita mikononi mwa viongozi wa mahali anapoishi na kamati za usalama kabla ya kumfikia msajili. Na aliyepewa silaha hakupewa ruhusa ya kuua: Kanuni ya Adhabu humpa mtu haki ya kujitetea kwa nguvu ya kiasi kinachostahili, na aliyempiga risasi mwizi wa kuku aliyekwisha kugeuka na kukimbia atajibu mahakamani kama mkosaji mwingine yeyote.

Hukumu yangu basi ni hii. Mwenye kazi ya ulinzi, au mtu mwenye mafunzo ya kweli, anayepiga shabaha mara kwa mara na kuisafisha silaha yake kila anapoivua, na achukue bastola ya magazini, kwani imemzidi mwenzake kwa mambo mengi na yeye anao ujuzi wa kuyatumia. Mwenye duka, mwenye shamba, mjane anayeishi peke yake pembezoni mwa kijiji, na kila mtu ambaye kwa dhati ya moyo wake anajua kwamba hatafanya mazoezi, na achukue rivolva ya risasi sita yenye mvuto mzito, aliyoijaribu kwanza kwa mkono wake mwenyewe na kuhakikisha kwamba kidole chake kinaiweza. Na nyumba yenye watoto wadogo na isiyo na sanduku la chuma lenye kufuli isiwe na yoyote kati ya hizo mbili.

Nawe msomaji, ikiwa tayari unayo bastola ya magazini nyumbani, nakuomba uifanye kazi hii kabla hujalala usiku wa leo: elekeza mtutu mahali pasipo na mtu, weka kidole mbali na kifyatulio, chomoa magazini kwanza, kisha vuta slaidi hadi mwisho na uishikilie, tazama ndani ya chemba kwa macho yako na uiguse kwa ncha ya kidole kidogo, ndipo uifungie pake na risasi uzifungie pengine. Na ikiwa silaha uliyo nayo ni ya urithi na haina kibali, nenda kituo cha polisi cha karibu, ukatoe taarifa kabla ya kuibeba, uulize utaratibu wa kuisalimisha. Serikali imekwisha kutoa msamaha kwa wanaosalimisha silaha kwa hiari zaidi ya mara moja katika miaka hii ya karibuni.